Binti wa Nairobi, baba wa mbali

Ukitaka kujua kama kipepeo wa rangi ya chungwa aliyetua mbele yako ni dume au jike, hesabu madoa meusi ya katikati ya bawa lake la nyuma. Jike ana matatu. Dume ana manne, na hilo la nne ni nene kidogo, lina weupe katikati, kwa sababu si doa la urembo: ni kijifuko cha manukato ambacho dume hutumia anapoposa. Nilijifunza kuhesabu hivyo kando ya barabara ya murram huku Utawala, nikisubiri matatu ya kwenda mjini, na tangu siku hiyo asubuhi yenye jua hainipiti bure. Matatu. Matatu. Matatu. Inaweza kwisha wiki nzima sijaona dume hata mmoja.

Mwanzoni nilidhani macho yangu yamechoka. Kisha nikasoma, nikakuta kwamba wanasayansi wamekuwa wakihesabu madoa hayohayo katika Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 50, na kwamba jiji hili, kwa kipepeo huyu, ni mahali pasipo na pa kufanana napo. Nairobi ni mji wa mabinti. Wanazaliwa hapa, wanakua hapa, wanataga hapa. Waume zao, kwa sehemu kubwa, lazima waje kutoka kwingine. Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya uhamaji, na juu ya magugu.

Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus. Linnaeus alimwandika mwaka 1758, lakini watu walikuwa wamemjua zamani sana: katika mchoro wa kaburi la Nebamun kule Misri, wenye umri wa miaka takriban 3,400 na ambao sasa uko British Museum, vipepeo wanaoruka juu ya mafunjo ni hawa hawa. Anapatikana Afrika nzima, Arabuni, Asia ya kusini hadi Australia. Sijasikia jina moja la Kiswahili ambalo watu wote wanalikubali, kwa hiyo hapa nitamwita kipepeo chungwa.

Haruki kwa haraka. Huelea polepole, karibu na ardhi, kama mtu asiye na adui. Na kweli maadui zake ni wachache, maana ni mchungu. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, hasa ile ya jenasi ya Gomphocarpus, ambayo kila mkazi wa viunga vya Nairobi ameiona hata kama hajawahi kuiuliza jina: kijiti cha kufika kiunoni, majani membamba kama ya mkuki, tunda la kijani lililovimba kama puto na kuota nywele laini. Tunda likikauka hupasuka, na mbegu zinatoka zimebebwa na nyuzi nyeupe kama sufi. Utomvu huo una sumu inayogusa mapigo ya moyo. Kiwavi anaila, anaihifadhi mwilini, anaipitisha hadi kwenye mabawa ya utu uzima. Ndege mchanga asiyejua akimdonoa mmoja, hutapika, na hamdonoi wa pili.

Rangi ile ya chungwa, basi, ni onyo, na onyo lenye nguvu kiasi kwamba wengine wameliiba. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na uchungu kama huo, ambaye jike wake amejipaka rangi za kipepeo chungwa mpaka mtu akapotea. Mimi mwenyewe nilipotea mara nyingi. Dawa yake ni hesabu ileile: mwigaji huyo ana doa moja tu jeusi kwenye bawa la nyuma. Dume wake hana haja ya kuiga. Ni mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau, na akikaa juani huwezi kumsahau.

Sasa tuje kwenye ukoo. Kipepeo chungwa wa Afrika si mmoja wa sura moja. Kuna mwenye ncha nyeusi kwenye bawa la mbele, na ndani ya weusi huo mstari wa madoa meupe. Huyo ndiye wanaomwita chrysippus. Kuna asiye na ncha nyeusi kabisa, chungwa tupu mpaka ukingoni; huyo ni dorippus, na kwao ni nchi kavu za kaskazini na mashariki, Somalia, pwani ya Afrika Mashariki, na ng'ambo Arabuni. Kuna mwenye bawa la nyuma jeupe, alcippus, wa Afrika Magharibi, ambaye husogea hadi Uganda. Na kuna orientis wa kusini, mwenye rangi iliyokolea kuelekea kahawia. Kwingineko barani, ukisimama mahali pamoja, aghalabu utaona sura moja ikitawala. Hapa Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania ndipo wote wanapokutana, na Nairobi imekaa katikati ya njia panda hiyo.

Waliogundua kwamba kuna jambo lisilo la kawaida walianzia jirani. Katika miaka ya 1960, Denis Owen, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alikuta mama wanaozaa mabinti watupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 David Smith alikaa Dar es Salaam akihesabu sura za vipepeo hawa, akaona kwamba uwiano wa sura hizo haukai mahali pamoja. Unapanda na kushuka na majira. Mji ni uleule, ila mwezi huu wenye ncha nyeusi wanazidi, miezi kadhaa baadaye wanapungua. Kizazi cha kipepeo huyu ni cha wiki chache tu, kwa hiyo ungeweza kudai kwamba jua na mvua za Dar es Salaam zinachagua nani aishi. Lakini maelezo yaliyokaa vizuri zaidi yalikuwa mepesi: wageni wanaingia. Mwaka 1997 Smith na Owen walichapisha hoja kwamba jeni za rangi zinaweza kutumika kama alama za uhamaji. Huna haja ya kumfunga kipepeo redio mgongoni. Anakuja amebeba kitambulisho chake kwenye bawa.

Mwaka 2000 kikundi cha watafiti kikataja kinachoua watoto wa kiume. Ni bakteria aina ya spiroplasma. Anaishi ndani ya mwili wa jike, na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia yai. Dume kwake ni barabara isiyotoka, maana dume hatagi. Basi bakteria huyo anaua mayai ya kiume kabla hayajaanguliwa. Jike mwenye kimelea hiki hutaga kama wenzake, moja moja chini ya jani, lakini nusu ya mayai hayo hayataanguliwa kamwe. Mabinti wanaobaki wanapata majani ambayo kaka zao wangeyala, na kwa namna hiyo ya kikatili kimelea kinawalipa waliomhifadhi. Ian Gordon, Piera Ireri na David Smith walionyesha kwamba majike wanapenda kutaga kwenye mimea iliyosimama peke yake, mbali na mingine, na hapo ndipo faida hiyo inapokuwa kubwa: mmea mmoja hauwezi kulisha wengi, na kifo cha ndugu kinakuwa chakula cha dada.

Gordon, niseme kwa pembeni, ni yule yule aliyeanzisha mradi wa Kipepeo kule Gede mwaka 1993, ambao umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema vipepeo ni mchezo wa matajiri, mpeleke Gede akaone karo za shule zimetoka wapi.

Jambo lililofuata ndilo linalonifanya nisimame barabarani nikaachwa na matatu. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliosoma jeni zote za vipepeo hawa. Kwa vipepeo, tofauti na sisi, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia (nyuzi zinazobeba jeni) zisizofanana, na ile iitwayo W hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti tu, kama jina la ukoo lisilojua baba. Katika majike wenye spiroplasma, kromosomu iliyobeba jeni za rangi imejishikiza kwenye W hiyo. Kwa hiyo bakteria, W na rangi vyote vinasafiri pamoja, mama kwa binti, binti kwa mjukuu, bila kuchanganyika. Na rangi iliyofungwa humo ni ya chrysippus, ambayo ni dhaifu mbele ya dorippus: zikikutana katika mwili mmoja, inajificha na kuacha labda vivuli tu vya madoa meupe.

Fikiria maana yake. Jike wa Nairobi amerithi upande wa mama rangi ileile aliyokuwa nayo bibi yake na bibi wa bibi yake. Tofauti yote inayoonekana kwenye bawa lake imetoka kwa baba. Baba akiwa na ncha nyeusi, binti ana ncha nyeusi. Baba akiwa dorippus wa nyika kavu, binti anatoka chungwa tupu, au chungwa mwenye kivuli. Na baba, kwa kuwa mama mwenye kimelea hazai mwana, lazima awe ametokana na mmoja wa mama wachache waliosalimika au ametoka nje ya eneo hili. Unaposimama kando ya barabara Utawala na kutazama majike kumi, unasoma barua kumi kuhusu madume waliopita hapa wiki chache nyuma, na barua hizo zinasema walikotoka.

Waswahili wa pwani walijenga maisha yao juu ya pepo mbili, kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Sioni ajabu kwamba mdudu ambaye hata gramu moja hafiki anaishi kwa kalenda hiyohiyo. Mvua inapoifungua nchi kavu, mimea ya utomvu inachipua, viwavi wanashiba, na kizazi kinachotoka kinaondoka kwenda kutafuta majani mengine kabla jua halijayakausha yale ya nyumbani. Baadhi yao wanafika hapa. Wanafika wakiwa wachache, mmoja mmoja, bila kishindo. Hakuna mtalii anayeegesha gari kuwatazama.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na jinsi tunavyolizungumzia neno uhamaji katika nchi hii. Tukisema uhamaji tunamaanisha nyumbu wa Mara, kwato kwa malaki, mamba mtoni. Uhamaji ni kundi kubwa linaloonekana kutoka kwenye ndege. Tumeupima kwa wingi na kelele. Lakini kazi ya uhamaji, kwa kiumbe kinachohama, haiko katika wingi. Kwa kipepeo chungwa wa Nairobi, madume kumi wanaofika katika majira yanayofaa ni tofauti kati ya kizazi kuendelea na kizazi kukatika. Njia inayowaleta madume kumi ina thamani sawa na njia inayoleta nyumbu elfu kumi, kwa sababu zote mbili zikizibwa, kinachokufa ni kitu kilekile.

Njia ya nyumbu tunajua inavyozibwa. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita 117 za mraba, na upande wake wa kusini uliachwa wazi ili wanyama waweze kutoka na kuingia kutoka nyanda za Athi na Kitengela. Ploti zikakatwa, seng'enge zikawekwa, nyumbu wakapungua. Hili tumeliandika sana. Seng'enge haimzuii kipepeo, na ndiyo sababu tunadhani yeye yuko salama. Kinachomzuia ni kukosa mahali pa kutaga njiani. Safari yake si ya mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi ni ya vizazi, huyu anataga hapa, mwanawe anaendelea. Kwa hiyo njia yake imetengenezwa kwa majani. Kila kichaka cha mmea wa utomvu kati ya nyika ya Kajiado na ukuta wa nyumba yangu ni kituo. Ng'oa vituo, na anga itabaki wazi bila msafiri.

Mwezi Mei mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zimeishaisha, niliinama kwenye ploti iliyo wazi karibu na steji yetu nikakuta viwavi watano kwenye mmea mmoja. Kiwavi wa kipepeo chungwa ana pete nyeusi na nyeupe mwili mzima, na madoa ya manjano kwenye pete hizo kama rangi iliyodondoka kutoka kwenye brashi. Ana jozi tatu za pembe laini nyeusi, mbele, katikati na nyuma. Nilimtazama mmoja akila. Anaanzia ukingoni, kichwa kinashuka taratibu kama mtu anayesoma mstari, kikifika chini kinapanda tena juu kuanza mstari mwingine, na jani linazidi kuwa jembamba. Chini yake, kwenye kikonyo, palikuwa na pupa tayari, kijani kibichi, ukubwa wa punje ya harage, na vitone vya dhahabu ambavyo nilidhani ni umande mpaka nilipovigusa.

Nikiwa nimeinama hivyo nilisikia chuma kikikata nyasi. Kijana mmoja alikuwa anafyeka, ameanzia upande wa barabara, anakuja kwangu.

"Shikamoo mama. Kuna kitu kimekuangukia?"

"Marahaba. Hapana, naangalia hawa wadudu. Wewe utafyeka mpaka wapi?"

"Yote. Nimeambiwa mpaka kwa ukuta. Haya ni magugu tu, mama."

Nilimwita aje aone. Alichuchumaa, slasha ameilaza gotini, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akaniuliza kama wanauma. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama ndio wanaokula mahindi kwao, kwa maana aliposikia kiwavi alikumbuka viwavijeshi waliomalizia mamake shamba mwaka 2017, mwaka ambao nchi nzima ilianza kuvijua vile vya aina mpya. Nikamwambia hawa hawagusi mahindi, hawagusi sukuma, hawagusi kitu chochote anachopanda binadamu ili ale. Wanakula mmea huu na ndugu zake, basi. Akasimama, akasema, "Sawa. Hiyo kona nitawacha." Na akaiacha. Kona ya hatua nne kwa tatu.

Wiki mbili baadaye mwenye ploti alileta mtu na pampu ya mgongoni, dawa ya kuua magugu ikapigwa mpaka ukutani. Sina ugomvi naye. Ploti ni yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Hakuna anayeambiwa. Katika lugha yetu ya kila siku kuna mti, kuna ua, kuna mboga, kuna zao, halafu kuna magugu, na neno hilo la mwisho ni hukumu ya kifo kwa chochote kinachobaki.

Wenzetu wa Marekani wamelipa karo kubwa kujifunza jambo hili. Binamu wa kipepeo wetu, Danaus plexippus, husafiri kutoka Kanada na kaskazini mwa Marekani hadi milima ya Mexico, kilomita zaidi ya 4,000. Fred na Norah Urquhart walimfuatilia kwa miongo kwa kubandika vibandiko vidogo kwenye mabawa kwa msaada wa maelfu ya watu wa kawaida, na ni Januari 1975 tu ndipo Ken Brugger na Catalina Aguado walipoikuta misitu ambamo vipepeo hao hupitisha baridi, matawi yameinama kwa uzito wao. Misitu ikalindwa. Dunia ikashangilia. Kumbe huku nyuma, kwenye mashamba ya mahindi na soya, magugu ya utomvu yalikuwa yakiuawa na dawa, kwa sababu mazao mapya yalitengenezwa yaistahimili dawa hiyo na magugu hayakuistahimili. Mwaka 2022 kipepeo huyo mhamaji aliorodheshwa kuwa yumo hatarini kutoweka; mwaka uliofuata daraja hilo lilishushwa kidogo, lakini hakuna aliyesema tatizo limekwisha. Walilinda mahali pazuri pa kupigia picha, wakasahau mahali pa kunyonyeshea.

Sisi bado tuna nafasi ya kutorudia hesabu hiyo, lakini sioni dalili kwamba tunaiangalia. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko ili tukapande. Nilipanda. Sijuti. Lakini nilishuhudia pia uwanja wa nyasi ukifyekwa na kuchimbwa mashimo kana kwamba ulikuwa mtupu, na kila aliyekuwepo aliuona mtupu kwa dhati ya moyo. Kipepeo chungwa ni kiumbe wa mahali wazi. Hakai msituni. Nyanda za Athi hazikuwahi kuwa msitu uliokatwa. Zilikuwa nyasi, na ndani ya nyasi hizo kulikuwa na mimea midogo yenye kazi yake. Ukipanda mti mahali pasipokuwa na mti, umeongeza kimoja na umeondoa vingine ambavyo hukuvihesabu. Ningependa kila anayepewa miche aulizwe kwanza: hapo unapochimba palikuwa na nini?

Najua pingamizi moja lenye uzito, nami silidharau. Wafugaji wanaing'oa mimea hii kwa sababu inaua mifugo. Ng'ombe mwenye njaa wakati wa ukame, nyasi zikiisha, anaweza kuila, na sumu ile inayomlinda kipepeo haimhurumii ng'ombe. Mtu wa Kajiado anayeing'oa kwenye malisho yake ana sababu kuliko mimi ninayeipenda kutoka steji. Siwezi kumwambia aiache. Lakini ng'ombe, kwa kawaida, hawalishwi kwenye ukingo wa barabara kuu ya Mombasa, wala nyuma ya ukuta wa shule, wala kwenye ukanda chini ya nyaya za umeme, wala kando ya reli. Jiji na viunga vyake vina maelfu ya vipande kama hivyo ambavyo hufyekwa mara kadhaa kwa mwaka kwa sababu moja tu, kwamba ratiba imesema vifyekwe. Ninachoomba ni ratiba nyingine. Fyeka upande mmoja, acha mwingine mpaka viwavi wamalize, kisha geuza. Tangu yai hadi kipepeo, mahali penye joto la wastani kama hapa, ni takriban mwezi mmoja hivi. Mwezi mmoja wa subira kwa kila kipande, baada ya masika na baada ya vuli.

Na kuna hizi bustani za vipepeo zinazopendeza siku hizi kwenye mahoteli na makazi mapya. Maua ya kigeni, rangi nyingi, ubao wenye picha. Asali ya ua ni chakula cha mkubwa, lakini mtoto hali ua. Bustani yenye nekta bila jani la kiwavi ni hoteli isiyo na chumba cha kujifungulia. Wageni watakunywa na kuondoka, wala hakuna atakayezaliwa. Hata dume ana mahitaji ambayo mtunza bustani nadhifu hawezi kuyakisia. Ili kijifuko chake cha manukato kifanye kazi, anahitaji kemikali anazofyonza kutoka kwenye mashina yaliyonyauka ya mimea kama ile ya jamii ya mitoo, mboga tunayoijua sokoni. Madume hukusanyika kwenye shina lililokufa, wanalikwaruza, wanalifyonza. Bustani inayofagiliwa kila asubuhi imemnyima dume mahari yake.

Kuhusu kuhesabu, sioni kwa nini tusianze kesho. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu hadi nne. Doa tatu au nne, ncha nyeusi au hapana, tarehe, mahali. Safu nne kwenye daftari. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner ina rekodi za mvua; Makumbusho ya Taifa ina makabati ya vipepeo waliokusanywa kwa miongo mingi; icipe pale Kasarani imekuwa ikisoma wadudu tangu Thomas Odhiambo alipoianzisha mwaka 1970. Kinachokosekana ni macho mengi kwa wakati mmoja, kutoka Utawala hadi Ngong, kutoka Ruiru hadi Kitengela. Urquhart alihitaji vibandiko. Watoto wetu hawahitaji hata hicho, kwa sababu mabawa ya hapa yameshaandikwa. Shule ishirini zenye kona isiyofyekwa zingetuambia, kwa misimu miwili mitatu tu, madume wanaingia jijini lini na kutoka upande gani, na njia ipi imeanza kufunga.

Ploti ya karibu na steji sasa imezungushiwa mabati. Mimea ilichipua tena nje ya mabati, upande wa mtaro, kama inavyochipua kila mara. Mizizi yake inaenda chini sana. Wiki ya tatu ya Novemba, vuli ikiwa imekolea na barabara yote ni tope, mawingu yalifunguka saa nne asubuhi na jua likatoka. Kulikuwa na majike watatu kwenye mtaro, wawili wenye ncha nyeusi, mmoja mwenye kivuli tu. Nikawaandika. Halafu kutoka upande wa Mihang'o, chini chini, juu ya tope, akaja mwingine. Bawa la mbele lilikuwa chungwa tupu mpaka ukingoni, limechanika kidogo nchani kama la mtu aliyetoka mbali. Akatua juu ya tunda moja lenye nywele, akafunua mabawa kulielekea jua. Nikasogea mpaka kivuli changu kilipokaribia kumgusa, nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nne.